Blanketi Jekundu Juu ya Treni

Asubuhi ile jua lilitoka.

Mou Dexiu ndiye aliyeliona kwanza, kama kawaida yake, kabla hajavaa hata soksi. Alisimama dirishani, nywele zimetimka, akautazama ukuta wa jengo la ng'ambo ya mto na kuona mstari wa njano umeupiga. Mwezi wa mwisho wa mwaka, Chongqing ni ukungu juu ya ukungu. Soksi unaianika leo, wiki ijayo unaivaa mbichi. Kwa hiyo Dexiu hakupoteza muda kwa salamu. Alimsukuma mumewe mguu kwa kidole gumba.

“Baba Yanling, amka. Unalalia jua langu.”

Pu Changgui aliamka. Ujanani alikuwa mchukuzi. Alipandisha mizigo ya watu kwenye ngazi za mji huu kwa mzegazega, na mpaka leo bega lake la kulia liko chini ya la kushoto. Alibeba mafriji, alibeba saruji, aliwahi kubeba nguruwe mzima aliye hai. Lakini blanketi la mkewe hakuaminiwa nalo. Alipewa ncha moja tu. Ncha tatu zilizobaki Dexiu alizishika mwenyewe, haijulikani vipi.

Lilikuwa blanketi zito la pamba, la kizamani. Upande mmoja kitambaa cheupe, upande wa pili hariri nyekundu yenye maua makubwa. Walilitundika kwenye mwanzi, wakausukuma mwanzi nje ya dirisha, upande mweupe ukitazama jua. Ndiyo ilikuwa sheria ya Dexiu. Upande mweupe ndio unaogusa mwili, ndio unaokunywa jasho, basi ndio unaotangulia. Adhuhuri analigeuza, upande mwekundu nao unapata sehemu yake, muda mfupi tu, maana hariri huchujuka. Kisha anachukua fimbo na kulipiga mpaka vumbi liishe. Usiku huo mtu analala ndani ya harufu ya jua.

Chini yao treni ilipita. Katika jengo lile treni huingia tumboni na kutokea upande wa pili, na nyumba za watu ziko juu yake na chini yake. Barabarani kulikuwa na jukwaa la kutazamia, na wageni juu ya jukwaa walikuwa wamesimama midomo wazi, kila mmoja akipigwa picha ya kuonyesha kwamba anaimeza treni.

“Tazama vifaranga vyangu,” Dexiu alisema. “Tangu alfajiri hawajashiba.”

Walikula tambi za pilipili. Dexiu akalalamika kwamba mumewe ametia siki nyingi. Akachukua kikapu kwenda kununua kabichi. Mlangoni aligeuka akamwambia blanketi asiliguse, atalivuta kama gunia. Yeye akirudi ataligeuza mwenyewe.

Hakurudi. Nje ya soko kuna ngazi za mawe, na siku ya jua watu wote huketi pale wamefumba macho, nyuso juu. Dexiu aliketi. Wanawake wauza mboga walimwona, wakafikiri anaota jua kama wengine. Mmoja hata alisogeza kikapu chake cha vitunguu asimtilie kivuli. Walimwacha ameketi hivyo muda mrefu. Mtu gani angemsumbua mwenzake siku kama ile?

Changgui alipoitwa, blanketi lilikuwa bado nje, upande mweupe. Jioni jirani alimwingizia.

*

Kabla ya kustaafu Dexiu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba. Mikono yake ilikuwa migumu, sikio lake moja liliharibiwa na mashine. Treni ilipoanza kupita ndani ya jengo, majirani walilia kwamba hawatalala tena. Yeye alisema amezoea kukoroma kwa Baba Yanling, atashindwa na treni?

Wageni walianza kidogo kidogo. Mmoja na kamera, wawili na simu. Halafu yakaja mabasi. Ofisi ya mtaa ikajenga jukwaa, ikaweka taa kubwa ili treni ionekane vizuri hata siku za giza.

Hizo taa ndizo zilizoleta vita.

Mafundi walizijaribu asubuhi moja mapema, ukungu umejaa mpaka mtu haoni mkono wake. Mwanga ulipenya ule ukungu, wa njano, laini, ukapanda ukutani. Dexiu aliuona. Alipiga ukuta kumwamsha jirani, jirani akampigia wa juu, wa juu akapiga kelele kwenye ngazi. Haukupita muda jengo zima lilikuwa limetoa matandiko. Mablanketi, mito, koti la babu wa mtu. Jua la mwezi wa kwanza wa baridi, nani alilingojea tena?

Mafundi wakamaliza kazi yao, wakazima taa.

Jengo lote likabaki limening'iniza vitambaa ndani ya ukungu kama meli iliyopotea. Vilipoingizwa ndani vilikuwa vimelowa. Watu walicheka siku nzima, wakataniana ni nani aliyeona jua kwanza, na wote walimwonyesha Dexiu kidole. Yeye hakucheka. Alilala na blanketi bichi, asubuhi akashuka mpaka ofisi ya mtaa, akamwambia msimamizi, Bwana Lei, kwamba mtu akitaka kuwasha jua lake mwenyewe awaambie kwanza wenye nyumba.

Bwana Lei aliomba radhi. Lakini siku ile ndipo alipotazama juu kwa mara ya kwanza, akayaona yote yaliyotundikwa kwenye madirisha. Baada ya wiki lilibandikwa tangazo: upande unaotazama jukwaa, marufuku kuanika kitu chochote. Si nguo, si matandiko, si soseji za kukausha.

Majirani walinung'unika, wakatii. Wengi waliingiza vyao siku hiyohiyo. Gong Shilu, kinyozi mstaafu wa ghorofa ya chini yao, aliyeapa kwenye meza ya mchezo wa vigae kwamba atakufa na soseji zake dirishani, aliziingiza kabla ya chakula cha mchana.

Dexiu alisomewa tangazo na jirani. Akauliza upande mwingine wa jengo una jua? Hauna, unatazama mlima. Basi, akasema, wakishauhamisha mlima waje wamwambie.

Akatundika blanketi siku ya kwanza ya jua iliyofuata. Na soseji pembeni, nyekundu, za pilipili, zimening'inia kama vidole.

*

Aliyetumwa kupanda ngazi alikuwa msichana wa ofisi, Qin Wanyi, mjukuu wa watu wa mtaa uleule. Alikuja mara ya kwanza na machungwa. Mara ya pili na barua. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, amechoka, akakaa jikoni, Dexiu akampa bakuli la tambi.

Qin alimweleza kwamba wageni wanatoka mbali, wanatumia likizo yao ya pekee, na wakirudi kwao wanaandika kwenye simu walichokiona. Mji mzima unahukumiwa kwa maneno yale.

Dexiu akamwambia amsomee hayo maneno.

Qin akasoma, Changgui akisikiliza kutoka kitandani. Mtu mmoja wa kaskazini aliandika kwamba ngazi zimemmaliza magoti, na tambi za asubuhi zimemliza mbele ya mchumba wake. Mwingine alisema treni ni fupi kuliko ya kwenye picha. Mwingine aliingia jengo moja kwa mlango wa chini, akapanda lifti mpaka juu kabisa, akatoka akajikuta barabarani tena, akaamini amerogwa.

“Huyo amesema kweli,” Dexiu alisema. “Endelea.”

Mwanamke mmoja aliandika kwamba mandhari ni ya kupendeza, ila juu ya treni kuna mtu ametundika matandiko na nyama, na hiyo ni aibu kwa mji mkubwa.

“Kwao wanalala bila kujifunika?”

“Bibi, mimi nasoma tu.”

“Nami nauliza tu. Kula, tambi zinavimba.”

Qin alikuwa na moja aliyoiweka akiba, akidhani itamlainisha bibi. Kijana mmoja aliandika kwamba aliziona zile soseji, akasahau kupiga picha ya treni, akampigia simu mama yake. Qin aliisoma polepole, kisha akamtazama Dexiu.

Dexiu alikuwa anakanda unga. Alisema kijana huyo ana adabu, lakini soseji hakumtundikia hata yeye.

Changgui alicheka kule kitandani. Mkewe akamwambia asicheke, aamke apasue kuni za kuvukizia nyama. Kuni hazikuwepo tangu waletewe gesi. Alikuwa anamtania tu.

Faini ilikuja, Dexiu akamrudishia mjumbe aliyeileta. Zikaja nyingine. Dexiu alizitia chini ya chungu cha kachumbari kisicheze. Kisha mambo yakageuka kwa namna ambayo hata Gong na wenzake wa vigae hawakuitabiri. Wale walioandika kuhusu blanketi wakawa wengi. Mtu alipiga picha treni ikiingia na Dexiu juu yake, fimbo mkononi, akilichapa lile jekundu, vumbi limemzunguka kama moshi. Picha ikaenda mbali. Sasa wageni wakifika jukwaani waliuliza kwanza blanketi liko wapi, ndipo waliuliza treni.

Bwana Lei akapanda mwenyewe.

Alikuja na tabasamu na mfuko mkubwa. Alimwita “Dada mkubwa” kila baada ya neno la tatu. Alisema tangazo lilikuwa kwa ajili ya wale wasio na utaratibu, si kwa mtu kama yeye. Ofisi imekaa, imeafikiana. Blanketi litoke. Tena litoke kila siku ya mapumziko, asubuhi mpaka jioni, upande mwekundu ukitazama jukwaa, na yeye atokeze mara kwa mara na fimbo. Akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na blanketi jipya, jekundu mpaka linaumiza macho, la aina isiyochujuka.

Dexiu alilishika kati ya vidole viwili. Alikuwa mtu wa pamba maisha yake yote.

“Hili ni la nailoni,” alisema. “Likipata jua litanuka kama ndoo.”

“Dada mkubwa, hili si la kulalia. Ni la kutundika.”

“Na siku ya ukungu?”

“Hata siku ya ukungu. Ukungu unapendeza kwenye picha.”

Changgui alijua kilichokuwa kinakuja, akasogeza bakuli la chai mbali na meza. Lakini mkewe hakupandisha sauti. Alilikunja lile blanketi la nailoni vizuri, kona kwa kona, akalirudisha mfukoni, akamkabidhi Bwana Lei mfuko kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mtoto. Akamwambia walipomkataza alilitoa kwa sababu kulikuwa na jua. Na wakimwomba hatalitoa kwa sababu hakuna. Hajabadilika kitu yeye. Wao ndio wanaozunguka.

Bwana Lei aliposhuka, Gong alimsubiri kwenye ngazi. Alipopata habari alipanda akahema mlangoni.

“Shemeji, umekataa kilichokuwa ushindi wako.”

“Ziko wapi soseji zako, Gong?”

Gong akashuka.

Vuli ile, siku za mapumziko makubwa, ukungu haukuondoka hata mara moja. Jukwaa lilijaa. Watu walisimama na watoto mabegani wakitazama dirisha tupu. Qin alipanda mara kadhaa. Wageni waliandika kwamba wamedanganywa, kwamba wamekuja kuona blanketi na wameona treni tu. Dexiu ndani alikuwa anakata pilipili, anasikiliza redio kwa sikio lake zima.

Jumatatu watu wote wameshaondoka, jua likatoka. Akalitundika. Hakuna aliyeliona ila mzee mmoja aliyekuwa akifagia jukwaa.

*

Yanling alirudi kuja kumzika mama yake. Anafanya kazi mbali, pwani ya kusini, katika duka la simu. Ni binti mwema. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa: aliosha, aliita watu, alilia, alipika. Siku ya saba alikusanya nguo za mama yake, viatu, mto, akavifunga. Mahali petu vitu alivyolalia marehemu huchomwa, vimfuate. Hilo hakuna asiyelijua. Akanyoosha mkono achukue na blanketi.

Changgui alikuwa amelikalia.

“Baba.”

“Hili bado.”

“Baba, halikai ndani ya nyumba. Na mwaka unaisha. Mwaka mpya usilikute humu.”

Changgui si mtu wa maneno. Kwenye kazi ya mzegazega pumzi ni ya kupandia. Lakini siku ile alimweleza mwanawe yote kwa mara moja: mama yake alilitoa asubuhi, upande mweupe ukaota, akasema akirudi ataligeuza. Upande mwekundu haukupata jua. Kazi imebaki nusu. Mama yake hakuwahi kulala chini ya blanketi lililoota nusu, hata mwaka ule wa njaa, hata siku aliyojifungua. Hawezi kupelekewa nusu.

“Likishaota nitalichoma mwenyewe,” alisema. “Kabla ya hapo, mnichome nalo.”

Yanling alitoka akaenda kulia kwenye ngazi. Aliporudi alipiga simu dukani kwake akasema atachelewa.

Wakangoja jua. Ukungu ulikaa. Ulikaa juma hilo, ukakaa lililofuata. Kila asubuhi Changgui alisimama dirishani mahali alipokuwa akisimama mkewe, akautazama ukuta wa ng'ambo, akarudi kukaa. Majirani walianza kusema. Gong alikuja na chupa ya pombe, wakanywa, mwisho akasema kwa upole kwamba watu wa juu na wa chini wana hofu. Tandiko la marehemu kupita juu ya vichwa vya watu si jambo dogo. Na Mwaka Mpya uko mlangoni. Kaka Pu amfikirie hata mjukuu wa Gong, ana mtihani.

Changgui akamwuliza lini Dexiu alimwonea hofu mtu.

Bwana Lei naye alituma salamu za rambirambi na wazo: blanketi liwekwe kwenye kabati la kioo jukwaani, na jina la marehemu chini yake, liheshimiwe daima. Changgui alimwuliza Qin kama ndani ya kioo kuna jua. Qin akasema kuna taa.

Na jua lilivyo na ukorofi wake, likachagua siku ya kwanza ya mwaka.

Siku ile katika mji mzima hakuna anayefua, hakuna anayefagia, hakuna anayeanika. Hata kumwaga maji watu wanaogopa. Jengo zima lilikuwa limeamka na nguo mpya. Chini jukwaa limefurika, familia nzima nzima, wazee, watoto wamevaa nyekundu. Mstari wa njano ukapiga ukuta wa ng'ambo. Changgui akauona.

Hakumwamsha mtu. Alilichukua blanketi, akalitandika kwenye mwanzi, akatatizwa. Kweli alikuwa analivuta kama gunia. Ncha ziligoma. Alihangaika nalo pale, mzee mwenye bega moja chini, mpaka alipohisi uzito umepungua. Yanling alikuwa ameshika upande wa pili, na koti lake jipya la Mwaka Mpya, uso umevimba usingizi.

“Nyekundu nje?” aliuliza.

“Nyekundu nje. Nyeupe ilishapata.”

Wakausukuma mwanzi.

Kelele ilipanda kutoka chini kama maji yanapochemka. Simu zote zikainuka. Treni ilipita ndani ya jengo na hakuna aliyefungua mdomo kuimeza. Dirisha la juu likafunguka, mtu akasema bila kujificha kwamba huu ni mkosi, siku ya kwanza ya mwaka, wazee wengine wamekuwa kama watoto. Dirisha likafungwa kwa kishindo. Halafu dirisha la chini likafunguka. Ulitokea mkono wa Gong na fimbo, na kwenye fimbo shada la soseji. Hakutoa kichwa. Mkono tu.

Changgui akatafuta fimbo ya mkewe nyuma ya mlango. Akalipiga blanketi. Alipiga vibaya, mahali pamoja sana na pengine hafiki, lakini alipiga.

Qin alifika akihema. Hata siku ya sikukuu watu wa ofisi walikuwa kazini. Alisimama mlangoni, akaona blanketi, akaona lile vumbi, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Alisema chini hapatoshi. Watu wanauliza kama yule bibi amerudi. Wengine wanauliza litakaa nje mpaka saa ngapi, litatoka tena lini, maana wana jamaa zao wanataka kuja. Bwana Lei wamemzingira. Yeye Qin ashuke awaambie nini?

Changgui alisimama na fimbo. Alilikumbuka jibu la mkewe, la vuli ile ya ukungu, Qin huyuhuyu alipopanda na swali lilelile na watu wamesimama wanangoja. Dexiu alikuwa anakata pilipili, wala hakuinua kichwa. Changgui akamwambia Qin ashuke nalo lilelile, asipunguze neno.

“Waambie wangoje treni. Blanketi ni langu.”